Asilimia 23.4 za Beardstown: kikundi kilichohesabu michango yake kuwa faida

Mwaka 1983, katika mji mdogo wa Beardstown kando ya mto Illinois nchini Marekani, wanawake 16 walianzisha kikundi cha kununua hisa. Mji wenyewe una watu wapatao 6,000. Wengi wa wanachama walikuwa watu wazima, na baadhi yao walikuwa wastaafu wenye wajukuu. Kila mmoja aliingia kwa dola 100, kisha akawa anatoa dola 25 kila mwezi. Walikutana mara moja kwa mwezi, wakasomeana taarifa za kampuni, wakabishana, wakapiga kura, wakanunua. Aliyewahi kukaa kwenye kikoba atakitambua kikao hicho hata kama hajawahi kufika Marekani: daftari liko mezani, mweka hazina anasoma salio, na kuna mmoja anayeuliza swali ambalo wenzake wameona haya kuliuliza.

Hawakuwa watu wa kubahatisha. Walifuata utaratibu wa chama cha kitaifa cha vilabu vya uwekezaji, kilichoanzishwa mwaka 1951: wekeza kila mwezi bila kujali soko limepanda au limeshuka, gawio (sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa) likiingia lirudishe kwenye hisa, tafuta kampuni zinazokua, na tawanya fedha katika sekta mbalimbali. Ni utaratibu mzuri, na hadi leo sijaona sababu ya kuukosoa.

Sifa zao zilienea. Wakaitwa kwenye televisheni, na katikati ya miaka ya 1990 wakatoa kitabu kilichouza nakala laki kadhaa, chenye ushauri wa hisa na mapishi ya nyumbani pamoja. Kilichokiuza ni namba moja: kwa miaka kumi, kuanzia 1984 hadi 1993, kikundi kilipata faida ya asilimia 23.4 kwa mwaka. Katika miaka hiyohiyo fahirisi ya S&P 500, inayofuatilia kampuni kubwa 500 za Marekani, ilipata asilimia 14.9. Yaani akina mama wa mji wa mashambani walikuwa wamewaacha mbali mameneja wa Wall Street, kitovu cha fedha cha Marekani, wanaolipwa mamilioni. Nani asingependa kuamini habari kama hiyo? Mimi ningeiamini.

Mwanzoni mwa 1998 mwandishi wa jarida la Chicago alisoma maandishi madogo ndani ya kitabu. Pale palikuwa na maelezo kwamba faida iliyotajwa ilijumuisha michango ya kila mwezi ya wanachama. Kikundi kikaomba kampuni ya ukaguzi ya Price Waterhouse ipige hesabu upya. Jibu likaja: kwa miaka ile kumi, faida halisi ilikuwa asilimia 9.1 kwa mwaka.

Ili uone uzito wa tofauti hiyo, chukua dola 10,000 uziache miaka kumi faida ikizaa faida. Kwa asilimia 23.4 zinafika karibu dola 81,900. Kwa 14.9 ya soko zinafika kama 40,100. Kwa 9.1 ni kama 23,900. Kumbe waliosifiwa kwa kulishinda soko walikuwa wameachwa nyuma na soko kwa umbali mkubwa.

Vichekesho vilitungwa, na kesi zikafunguliwa dhidi ya mchapishaji kwa sababu ya madai ya kwenye jalada. Mahakama ya New York iliitupa mojawapo, ile ya rufaa ya California ikaona madai kama hayo yanaweza kuhesabiwa kuwa tangazo la biashara. Upande huo wa kisa nauacha hapo. Ninachotaka kukifungua ni hesabu yenyewe, kwa sababu kosa la Beardstown linasomwa kwa sauti kwenye vikundi vyetu kila Desemba, wakati wa kuvunja, na anayelisoma huwa ni mtu mwaminifu kabisa.

Mwaka mmoja kwenye daftari

Tuchukue mfano wa kikundi cha watu kumi, kila mmoja akitoa Sh 50,000 kwa mwezi. Januari kikundi kina Sh milioni 10 zilizokwisha kuwekezwa. Desemba mfuko una Sh milioni 17.2. Mweka hazina anasimama: "Ndugu zangu, tulianza na milioni 10, leo tuna 17.2. Tumekua kwa asilimia 72." Watu wanapiga makofi.

Hajasema uongo. Mfuko kweli umekua. Lakini kati ya hizo milioni 7.2 zilizoongezeka, milioni 6 zimetoka kwenye mifuko ya hao hao wanaopiga makofi. Uwekezaji umeleta milioni 1.2 tu.

Sasa hiyo milioni 1.2 tuigawanye kwa nini? Kwa milioni 10 haitakuwa sawa, maana kulikuwa na fedha nyingine zilizofanya kazi. Kwa milioni 16 nayo haitakuwa sawa, maana mchango wa Novemba haukufanya kazi mwaka mzima. Njia ya mkato inayokubalika ni hii: michango ikiwa imeingia kidogokidogo kwa mwaka mzima, ichukulie kwamba kwa wastani imefanya kazi nusu mwaka. Kwa hiyo mtaji uliokuwa kazini ni milioni 10 jumlisha 3, yaani 13. Gawanya 1.2 kwa 13, unapata asilimia 9.2.

Kutoka 72 hadi 9.2, kwa daftari lilelile, bila mtu kuiba hata senti.

Endelea mwaka wa pili. Mfuko unaanza na milioni 17.2, michango inaongeza 6, uwekezaji unaleta 1.5, na mwisho wa mwaka kuna 24.7. Kwa hesabu ya makofi ukuaji ni asilimia 43.6. Kwa hesabu halisi ni 1.5 kugawanya kwa 20.2, yaani asilimia 7.4. Angalia kinachotokea: namba ya uongo inashuka kwa kasi kadiri mfuko unavyokua, kwa sababu mchango unabaki uleule ilhali mfuko umenenepa. Ndiyo maana vikundi vichanga huonekana vina akili nyingi na vikundi vikongwe huonekana vimechoka. Nimeona watu wakihama kikundi cha miaka sita kwenda cha mwaka mmoja kwa sababu ya tofauti hiyo, na tofauti yenyewe ilikuwa ya umri wa mfuko tu.

Kuna ubaya mwingine ambao naona ni mkubwa zaidi. Michango huficha hasara. Mfuko wa milioni 10 ukipoteza asilimia 20, zinabaki 8. Ongeza michango ya milioni 6, salio linasomeka 14, na kikundi kinaambiwa kimekua kwa asilimia 40 katika mwaka ambao kimepigwa. Tarehe 19 Oktoba 1987 fahirisi ya Dow Jones, ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilianguka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja. Kikundi kichanga cha wakati ule kingeweza kufika Desemba na salio kubwa kuliko la Januari, na mwanachama asiyeuliza asijue kilichotokea.

Turudi Beardstown na namba zao wenyewe. Watu 16 kwa dola 25 ni dola 400 kwa mwezi, au 4,800 kwa mwaka. Viingilio vyote pamoja ni dola 1,600. Wangeziweka fedha hizo chini ya godoro, mwisho wa mwaka wa kwanza wangekuwa na 6,400, na hesabu ya makofi ingesema asilimia 300. Hata mfuko ulipokwisha kufika kama dola 33,600, michango peke yake ingeongeza pointi 14.3 za asilimia kwa mwaka, ambayo ndiyo tofauti yote kati ya 23.4 na 9.1. Sisemi kwamba namba ya jaladani ilipatikana hivyo hasa. Nasema mchango mdogo unaoonekana si kitu una nguvu ya kutosha kuzalisha muujiza wa aina ile.

Miaka miwili iliyovaa nguo ya miaka kumi

Maelezo yaliyotolewa na kikundi wakati ule yalitaja pia kosa la kuingiza takwimu kwenye programu ya kompyuta: ile 23.4 ilikuwa ya miaka miwili tu, 1991 na 1992, ikachukuliwa kuwa ya miaka kumi.

Hapo ndipo kisa kinapokuwa na mafunzo mawili badala ya moja. Mwaka 1991 S&P 500 ilipata takriban asilimia 30, na 1992 kama 7.6. Kwa jumla hiyo ilikuwa miaka mizuri. Mtu yeyote aliyekuwa sokoni alipata, mjuzi na asiye mjuzi. Ukikata kipande cha muda mahali palipo patamu, kila mwekezaji anageuka bingwa. Ukikata mahali pachungu, bingwa yuleyule anageuka mzembe.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha faida, swali la kwanza liwe: kuanzia lini hadi lini, na nani alichagua tarehe hizo? Na swali hilo liulizwe pia kwa mifuko mikubwa yenye vipeperushi vya rangi. Anayeanza kuhesabu siku moja baada ya soko kuanguka hajadanganya kwa namba, amedanganya kwa kalenda.

Kulinganisha na nini

Asilimia 9.1 peke yake ni nzuri au mbaya? Huwezi kujibu mpaka uwe na kitu cha kuilinganisha nacho, na hapa pia kuna mtego.

Fahirisi ya S&P 500 ilifunga mwaka 1983 ikiwa 164.93 na kufunga 1993 ikiwa 466.45. Piga hesabu unapata ukuaji wa kama asilimia 11 kwa mwaka. Basi 14.9 imetoka wapi? Imetoka kwenye gawio. Fahirisi inayotangazwa kwenye habari ni ya bei tu, ile 14.9 ni bei pamoja na gawio lililorudishwa kununua hisa. Pointi karibu nne kwa mwaka, kwa miaka kumi, zimejificha kwenye gawio ambalo watu wengi hulichukulia kama chenji ya soda.

Kwa hiyo kama akina mama wangejilinganisha na fahirisi ya bei, wangeonekana wameachwa kwa pointi 1.9 hivi. Wakijilinganisha kwa haki, maana wao nao walipokea gawio, wameachwa kwa 5.8. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Hisa nyingi katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka huohuo wa 1998 wa aibu ya Beardstown, husimama bei ileile kwa miezi, na sehemu kubwa ya anachokipata mwenye hisa ni gawio. Kikundi kinachotazama bei peke yake kitajiona hakijapata kitu, na kikundi kinachohesabu gawio lake huku kikijilinganisha na fahirisi ya bei kitajiona kimeshinda bila kushinda.

Kigezo cha pili ni mfumuko wa bei. Katika miaka ile kumi bei za walaji Marekani zilipanda kwa karibu asilimia 3.7 kwa mwaka. Ukiiondoa kwenye 9.1, nguvu halisi ya fedha za kikundi ilikua kwa kama asilimia 5 kwa mwaka. Hilo halikuandikwa sana wakati wa kelele, na kwangu ni jambo kubwa: wanawake wale hawakufilisika, hawakuibiwa, na waliongeza kwa kweli thamani ya akiba zao. Kwa mwenye dola 25 za kuchanga kwa mwezi, hayo ni maisha yaliyosogea mbele.

Daftari la vipande

Dawa ya kosa la michango ni ya zamani na haihitaji kompyuta. Inaitwa vipande. Mtanzania aliyenunua Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, ulioanza mwaka 2005, anaijua bila kujua kwamba anaijua: hupewi salio la mfuko mzima, unapewa idadi ya vipande vyako na thamani ya kipande kwa siku hiyo.

Kikundi kinaweza kufanya vivyo hivyo. Siku ya kuanza, gawanya milioni 10 katika vipande 10,000, kila kimoja Sh 1,000. Mwisho wa Januari, kabla ya kupokea mchango wowote, pima thamani ya mali yote: hisa kwa bei ya soko, hatifungani (mikopo kwa serikali au kampuni inayolipa riba) pamoja na riba iliyokwisha kuiva, fedha zilizo benki, toa madeni. Tuseme zimefika milioni 10.4. Kipande kimefika Sh 1,040. Ndipo sasa unapokea michango ya Sh 500,000, na fedha hizo zinanunua vipande 480.77 kwa bei hiyo. Mfuko umekuwa milioni 10.9, vipande vimekuwa 10,480.77, gawanya: kipande bado ni Sh 1,040. Mchango umeingia na thamani ya kipande haikutikisika. Hakuna njia tena ya mchango kujivika joho la faida.

Mpangilio ni muhimu sana hapa: pima kwanza, pokea baadaye. Ukipokea kwanza ukapima baadaye, umerudi Beardstown.

Vipande pia huondoa ugomvi ambao nimeuona ukivunja vikundi, ule wa aliyeingia jana kugawana sawa na aliyeanza miaka mitatu iliyopita. Lakini vinaleta swali jingine, na ni heri kikundi kilijue mapema. Tuseme kipande kilianza Sh 1,000, baada ya mwaka kikafika 1,500, na mwaka wa pili kikashuka hadi 1,200. Mwanachama wa kwanza aliweka milioni moja siku ya kwanza. Leo ana milioni 1.2. Wa pili alivutiwa na ule mwaka mzuri, akaweka milioni moja kipande kikiwa 1,500. Leo ana laki nane. Wote wawili pamoja waliweka milioni mbili, na leo wana milioni mbili. Shilingi iliyozaliwa ni sifuri.

Je, kikundi kimepata faida gani? Ukiuliza kuhusu uwekezaji wenyewe, yaani shilingi iliyokaa tangu mwanzo hadi mwisho, jibu ni asilimia 20 kwa miaka miwili, kama 9.5 kwa mwaka. Ukiuliza kuhusu fedha za wanachama kama zilivyoingia, jibu ni sifuri. Majibu yote mawili ni ya kweli. La kwanza linampima anayechagua hisa, maana yeye hakuamua watu walete fedha lini. La pili linawapima wenye fedha, na muda walioamua kuzileta. Mameneja wa mifuko hupenda kutangaza la kwanza, na wana haki kwa kiasi chake. Mwanachama anapaswa kulijua la pili pia, kwa kuwa ndilo linalolipa ada ya mtoto.

Baada ya hesabu kuwa sahihi, tunajua nini?

Watu wengi waliosimulia kisa hiki waliishia kwenye ukaguzi: namba ilikuwa 23.4, ukweli ni 9.1, soko ni 14.9, basi akina mama hawakujua kuchagua hisa. Mimi nakataa kuishia hapo, na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Hesabu sahihi ya yaliyopita ni kitu kimoja. Kudai kwamba inaonyesha uwezo wa mtu ni kitu kingine kabisa, na miaka kumi haitoshi.

Kikundi kinachochagua hisa zake chache hupishana na soko kila mwaka, safari hii juu, safari ijayo chini. Tuseme kwa makadirio ya kawaida mpishano huo una mchepuko sanifu, yaani kipimo cha kawaida cha kuyumba juu na chini ya wastani, wa pointi 10 kwa mwaka. Ukichukua wastani wa miaka kumi, mtikisiko unapungua, lakini haupungui mara kumi. Unapungua kwa kipeuo cha pili cha kumi, kama 3.16. Kwa hiyo wastani wa miaka kumi bado unaweza kuyumba kwa pointi 3.2 hivi kwa bahati tupu. Wanatakwimu kwa desturi hutaka tofauti izidi mara mbili ya hapo, yaani 6.4, kabla ya kukubali kwamba kuna kitu zaidi ya bahati. Pengo la Beardstown lilikuwa 5.8. Halikufika.

Hesabu hiyo inakata pande zote mbili. Mtu mwenye uwezo wa kweli wa kulizidi soko kwa pointi mbili kila mwaka, kwa mtikisiko uleule wa pointi 10, angehitaji miaka 100 ya kumbukumbu ili kuthibitisha kwa kipimo hicho kwamba hakubahatika. Hakuna meneja wa mfuko mwenye miaka 100. Hakuna kikundi pia. Kwa hiyo anayekuja na miaka mitatu ya ushindi akitaka umkabidhi pensheni yako, ushahidi alio nao ni mdogo sana, hata kama kila namba aliyoileta ni sahihi.

Na sasa sehemu ya kisa ambayo imenikaa moyoni. Ukaguzi ulihesabu pia kipindi chote tangu 1983 hadi 1997, miaka 15. Kikundi kilipata asilimia 15.3 kwa mwaka, soko 17.2. Pengo lilikuwa limepungua kutoka pointi 5.8 hadi 1.9. Ukiweka vipindi hivyo viwili kando kwa kando, hesabu rahisi inaleta jibu ambalo halikupata kichwa cha habari: katika miaka iliyo nje ya ile kumi, kikundi kiliizidi S&P 500. Dola iliyowekwa kwao mwanzoni mwa 1984 ilikuwa imefika asilimia 60 tu ya ile iliyowekwa sokoni, kufikia mwishoni mwa 1993. Ikijumuishwa miaka iliyobaki, imefika asilimia 78. Kwa maneno mengine, wakati kitabu kinauzwa kwa namba ya uongo, kikundi kilikuwa kinafanya vizuri kwa kweli. Wakati wanachekwa, ndipo walipokuwa wametoka kwenye kipindi chao bora.

Je, walikuwa wamejifunza, au upepo ulikuwa umegeuka? Kwa pengo la 1.9 na miaka 15, hesabu haiwezi kusema. Wenye uhakika, waliowasifu kwa 23.4 na waliowacheka kwa 9.1, wote walidai kujua kuliko namba zilivyoruhusu.

Basi kikundi kifanye nini na jambo lisilojulikana? Kwanza kichague kigezo chake kabla ya mwaka kuanza na kukiandika kwenye kumbukumbu za kikao: tutajilinganisha na fahirisi fulani pamoja na gawio, au na hatifungani za serikali za muda fulani. Kigezo kikichaguliwa Desemba kitachaguliwa kile tulichokishinda. Pili, fedha zenye kazi ya tarehe, kama ada ya Januari au kodi ya nyumba, zisiingie kwenye hisa hata kama kipande kimepanda miaka minne mfululizo. Kutojua kwa muda mrefu kunavumilika. Kwa miezi mitatu kunaumiza. Tatu, kama hatuwezi kuthibitisha kwamba tunajua kuchagua hisa, na hatuwezi, basi sehemu kubwa ikae mahali pasipotegemea uchaguzi wetu, mfuko wa pamoja au hatifungani, na sehemu ndogo iwe ya kujifunzia. Furaha ya kuchambua kampuni pamoja ni ya kweli na ina thamani yake. Isilipiwe kwa akiba yote.

Na mweka hazina akisimama Desemba, taarifa yake iwe na umbo kama hili, kwa namba za mfano wetu wa mwanzo: "Mwaka huu tumechanga Sh milioni 6. Hizo ni zetu, tumezitoa wenyewe. Uwekezaji umetuletea Sh milioni 1.2, sawa na asilimia 9.2 ya fedha zilizokuwa kazini, gawio limo ndani. Kigezo tulichokiandika Januari nakisoma sasa, pamoja na mfumuko wa bei, ili kila mmoja alinganishe. Kama tumezidi au tumepungukiwa, mwaka mmoja hauwezi kutuambia sababu. Daftari la vipande liko mezani; kila mtu aje aangalie mstari wake kabla hatujafunga kikao."